Kidonge Kimoja, Sahani Mbili

Mdogo wangu ana mwandiko mzuri, na mwandiko huo nusura umfungie miaka minne.

Alikuwa ametoka kushinda mbio za kilomita arobaini na mbili, zile za kuchagua timu ya taifa. Wanawake watatu wa kwanza ndio wangekwenda kwenye mashindano ya dunia, na yeye aliwaacha wenzake kwa dakika nzima. Wakampeleka kwenye chumba cha vipimo chini ya jukwaa la uwanja. Akatoa mkojo huku afisa amemsimamia kama mlinzi wa benki, kisha akapewa fomu. Fomu iliuliza: katika siku saba zilizopita, umemeza nini? Wakimbiaji wengi huandika "hakuna", hata yule ambaye begi lake likitikiswa linalia kama kayamba. Mdogo wangu, kwa kuwa mama yetu alimlea vibaya, yaani alimfundisha kusema kweli, aliandika kwa herufi za duara zinazosomeka hata kwa mbali: "Maratonoli. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, baada ya sahani mbili za chakula." Halafu akaitoa chupa yenyewe kwenye begi na kuikabidhi, akidhani watampongeza.

Afisa akaisoma lebo taratibu. Kwenye orodha ya vilivyomo, mstari wa tisa, kulikuwa na kichocheo chenye jina refu kama treni ya mizigo. Kimepigwa marufuku michezoni tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Hiki umekimeza?" akauliza.

"Kila siku," mdogo wangu akajibu kwa furaha. "Kimenisaidia sana."

Inabidi nieleze tulifikaje hapo, maana chupa ile niliitengeneza mimi.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Diploma yangu imetundikwa ukutani katika chumba namba sita cha zahanati, karibu na mchoro wa sahani iliyogawanywa rangi tatu. Kazi yangu ni kuwaambia watu wale nini. Kazi yao ni kuitikia "sawa, dada" na kwenda kula walichokusudia tangu walipoamka. Siwalaumu. Ushauri wangu ni bure, na binadamu hana adabu kwa cha bure.

Mdogo wangu wanamwita Sindano. Jina hilo alipewa na kocha wake, kwa sifa. Kambini kwao, nyuma ya uwanja, kila Jumatatu asubuhi wakimbiaji walipanda mizani mmoja mmoja na kocha akaandika kilo zao ubaoni. Aliyepungua alipigiwa makofi. Aliyeongezeka aliongezewa mizunguko.

"Gari tupu hupanda mlima haraka," Kocha alipenda kusema.

"Na gari lisilo na mafuta je, Kocha?" nikamuuliza siku moja nilipokwenda kumwona mdogo wangu.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Dada wa zahanati, wewe umewahi kukimbia hata kuwahi basi?"

Wakimbiaji wakacheka. Sindano naye akacheka, lakini alicheka akiwa ameshikilia ukuta.

Alikuwa anakimbia kilomita mia moja na sitini kwa wiki, kwa nusu sahani mchana na chai isiyo na sukari jioni. Miezi minane hakuwa ameona siku zake. Kocha akasema hiyo ndiyo dalili kwamba mazoezi yameingia. Mfupa wa muundi ulimuuma hata akiwa amelala. Na kila alipoingia mashindanoni, akifika kilomita ya thelathini alisimama ghafla kama mtu aliyekatiwa umeme. Kocha akasema ni moyo mdogo.

Nilimweleza mdogo wangu. Nilimkalisha jikoni kwangu Jumapili, nikamwekea wali mbele, nikaanza: "Mwili una akiba ya wanga, nyingine kwenye misuli, nyingine kwenye ini. Hizo ndizo kuni zako. Ukikimbia bila kuzijaza zinakwisha, na mwili ukikosa kuni haukai gizani ukisali. Unang'oa milango, unachoma. Unakula misuli yako mwenyewe. Halafu unaanza kufunga vyumba ambavyo si vya lazima: uzazi kwanza, mifupa baadaye. Umeelewa?"

"Sawa, dada," akasema, akala vijiko viwili, akafuta midomo na kudai ameshiba.

Sawa, dada. Damu yangu mwenyewe.

Kocha, hata hivyo, alikuwa na udhaifu mmoja. Aliweza kumdharau mtu yeyote, lakini chupa hakuwahi kuidharau hata siku moja. Ofisini kwake kulikuwa na kabati la kioo limejaa poda, matone, majani makavu na vidonge vya kila rangi, na kadiri lebo ilivyoandikwa kwa lugha asiyoijua, ndivyo imani yake ilivyoongezeka.

Nami nimeolewa na mchapaji. Karakana ya mume wangu imeshikana na nyumba yetu, na harufu ya wino imeshikana na mashuka yetu. Anachapa lebo za sabuni, za asali, za mafuta ya nywele. Watu wamekwishasahau jina lake, wanamwita Lebo. Jumapili ileile, Sindano alipoondoka, nilifungua mlango wa karakana.

"Unaweza kunitengenezea lebo ya dawa ambayo haipo?"

Hakuinua kichwa. "Haipo hapa nchini, au haipo duniani?"

"Duniani."

"Hiyo rahisi. Iliyopo ndiyo ngumu, ina mwenyewe."

Nilikaanga unga wa ngano mpaka ukawa na rangi ya udongo, nikatia chumvi kidogo, nikatia mdalasini ili unuke kama kitu kinachotibu. Nikanunua maganda matupu ya vidonge, yale ya rangi mbili, nikajaza kimoja kimoja mezani huku nikijiambia kwamba hili si kosa, ni lishe iliyochelewa. Kisha nikaandika karatasi ya maelekezo ya kutia ndani ya boksi. Nimeandika mengi maishani, lakini sijawahi kuandika kitu kilichotiiwa namna ile:

"Kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kimezwe baada ya sahani mbili kamili: wali, viazi au mkate, pamoja na mayai, maharage au samaki, mboga na tunda visikosekane. ONYO: kikiingia kwenye tumbo lililojaa nusu, kidonge hugeuka sumu ya misuli. Nusu saa baada ya mazoezi mtumiaji anywe maziwa, glasi kubwa. Katika mbio ndefu anywe maji yenye sukari na chumvi kidogo kila baada ya kilomita tano. Alale usiku kwa muda usiopungua saa nane. Asipimwe uzito kwa siku tisini, kwani mizani huvuruga utendaji wa dawa."

Sentensi ya mwisho haina hata chembe ya sayansi. Ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Niliipeleka chupa kambini nikasema ni sampuli za majaribio zimefika zahanati kutoka ng'ambo. Kocha aliisoma karatasi mara tatu huku midomo ikichezacheza. Akamwita Sindano.

"Unaona? Hii ndiyo sayansi," akamwambia, nami nimesimama palepale. "Siyo maneno ya dada yako."

Akaifunika mizani kwa taulo. Mpishi wa kambi akaagizwa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, apike chakula cha kutosha.

Wiki mbili za kwanza Sindano alilala tu kila alipopata nafasi. Wiki ya nne maumivu ya muundi yakapungua. Wiki ya sita alimaliza mazoezi ya kilomita thelathini na tano, akauliza kama wanaongeza. Mwezi wa tatu alinipigia simu nikiwa chumba namba sita na mama mmoja na mtoto wake kwenye mizani.

"Dada, hii dawa ina madhara," akanong'ona.

"Madhara gani?"

"Siku zangu zimerudi."

Nilimwomba yule mama radhi, nikageukia ukuta, nikalia mbele ya diploma yangu.

Kumbe nilipaswa kulia kwa sababu nyingine. Maelekezo niliyaandika mimi, lakini orodha ya vilivyomo nilimwachia mume wangu, na sikuisoma. Fundi mbovu angeandika "vitamini mbalimbali" akaenda kulala. Mume wangu si fundi mbovu. Alichukua chupa kuukuu ya ng'ambo iliyokuwa imeachwa na mteja, akanakili mistari yote kumi na miwili, herufi kwa herufi, pamoja na ule wa tisa. Alighushi kwa uaminifu mkubwa.

Barua ilikuja wiki tatu baada ya ushindi. Sindano aliileta nyumbani, akaiweka mezani, akakaa chini bila kuvua viatu. Niliisoma nimesimama. Mkojo wake, ilisema barua, umekutwa safi. Chupa nayo imepimwa maabara, ndani yake kuna unga wa ngano, chumvi na mdalasini. Lakini mwanariadha amekiri kwa mkono wake kwamba alitumia dawa iliyokatazwa, na kukiri ni kosa linalojitegemea. Zaidi ya hayo, Kamati ya kupinga dawa michezoni inaamini kwamba alitoa vidonge halisi na kuweka unga ili kuwapotosha wapimaji. Afike Alhamisi kujieleza. Ijumaa timu inatangazwa. Akipatikana na hatia, kifungo ni miaka minne.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Miaka minne kwa mkimbiaji ni uzee.

"Kuna mtu kaniibia vidonge vyangu, dada," akasema, na machozi yakaanza. "Kaniibia, kaweka unga. Nani ananichukia hivyo?"

Hapo ndipo mtu mwenye utu angesema ukweli. Mimi nilikwenda kuweka maji ya chai jikoni, nikasubiri yachemke, nikasubiri yapoe. Alipokwishaondoka nikaenda karakana.

"Tuseme," nikamwambia mume wangu.

"Useme wewe."

"Lebo ni yako."

"Maelekezo ni yako." Akafuta wino vidoleni, kidole baada ya kidole. "Ukisema, zahanati watakufukuza. Mtaalamu wa lishe anatengeneza dawa feki jikoni kwake! Watu watakuimba."

"Nisiposema, atafungiwa."

"Basi swali limekwisha. Umekuja kuniuliza nini?"

Nikageuka niondoke.

"Ila mke wangu," akaniita. "Useme vyote. Kitu kimoja tu usiseme: kwamba lebo ilikuwa mbaya."

Chumba cha Kamati kilikuwa ghorofa ya pili, na feni yake ilizunguka kwa hisani. Meza ndefu ilifunikwa kitambaa cha kijani, nyuma yake watu watatu, katikati mwenyekiti: mama mtu mzima, daktari mstaafu, miwani imefungwa kamba shingoni. Mbele yake iliwekwa chupa ya Maratonoli ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri, kama kisu cha muuaji.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Kocha.

"Kocha, mwanariadha wako alitumia vidonge hivi kambini?"

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nafundisha miguu," Kocha akasema. "Tumbo la mtu ni siri yake na Mungu wake."

Sindano aligeuka akamtazama kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeona ukuta ukipiga chafya. Kisha akaitwa yeye.

"Binti," mwenyekiti akaanza, "nisaidie kuelewa. Mkojo wako ni safi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Chupa yako ina unga."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na bado unasisitiza kwamba ulikuwa unameza dawa iliyokatazwa?"

"Sikujua kama imekatazwa. Lakini nilikuwa nameza, Mheshimiwa. Siwezi kusema uongo. Nisingeshinda bila ile dawa."

Mjumbe wa kushoto aliacha kuandika. Nadhani katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona mtu akivuta kamba ya kitanzi kwa nguvu hivyo, tena shingo ni yake mwenyewe. Nikasimama.

"Unga ni wangu," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Dada yake. Na mtengenezaji ni mimi."

Nikasema vyote. Unga, mdalasini, maganda ya rangi mbili, sampuli za uongo kutoka ng'ambo. Nikasema mahali pangu pa kazi na namba ya chumba. Sindano alikuwa ananitazama, lakini sikuthubutu kumtazama. Nilipomaliza, mwenyekiti alivaa miwani, akaigeuzageuza chupa kwenye ule mfuko.

"Mama, dada yeyote angesema hivyo," akasema bila ukali. "Hata mimi ningesema. Lakini nimetibu watu miaka thelathini. Hii ni lebo ya kiwanda. Angalia hii dhahabu ya pembeni. Angalia maandishi haya madogo yalivyosimama. Hakuna mtu hapa kwetu anayeweza kuchapa kitu hiki."

Nyuma yangu, alikokaa mume wangu, kiti kikakwaruza sakafu. Mume wangu alikuwa amesimama kabla sijamwita, kifua mbele, kama bwana harusi aliyesikia jina lake.

"Asante sana, Mheshimiwa," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Akaja mpaka mezani, akakunjua karatasi ngumu: lebo kumi na mbili za Maratonoli, bado hazijakatwa, zimepangana safi kama vigae. "Hiyo dhahabu inasumbua. Inabidi ipite mashine mara mbili. Ukiangalia hii ya pembeni, ilikwaruzika kidogo, ndiyo maana sikuitumia."

Mwenyekiti aliangalia karatasi, akaangalia chupa, akaangalia karatasi. Kisha akaomba ile ya maelekezo, nami nikampa nakala. Aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mizani alivua miwani.

"Hii ya kutopimwa uzito, imetoka kitabu gani?"

"Imetoka kwangu, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo huyu binti," akasema polepole, "miezi yote hiyo alikuwa anakula tu."

"Alikuwa anakula tu."

Feni ikazunguka. Mkono ukainuka upande wa ukutani. Ulikuwa wa Kocha.

"Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba chakula hicho nilikiruhusu mimi."

Tulisubiri nje kwa saa nzima, kila mmoja kwenye benchi lake. Tulipoitwa tena, uamuzi ulikuwa wa mistari sita. Mwanariadha hana hatia. Nafasi yake katika timu inabaki. Mchapaji anapewa onyo. Baadaye mwenyekiti alimwomba namba ya simu, ofisi yake ilikuwa inatafuta mtu wa kuchapa vyeti. Mimi, kwa kosa la kutengeneza na kusambaza dawa bandia, nafungiwa miaka miwili kumshauri mwanariadha yeyote kwa namna yoyote, na nakala inakwenda kwa mwajiri wangu. Ndiyo kusema, katika mwaka ule mzima wa vita dhidi ya dawa za kuongeza nguvu, nchi nzima ilimfungia mtu mmoja, na kosa lake lilikuwa kulisha.

Sindano alinikuta kwenye ngazi.

"Nilishinda kwa viazi?" akauliza.

"Na wali. Na maziwa."

"Nimewaambia watu wote kambini juu ya ile dawa. Nimeibusu ile chupa, dada. Kabla ya mbio, niliibusu."

Alikuwa amekunja uso vilevile alivyokuwa akiukunja akiwa mdogo, nikimnyang'anya mdoli.

"Si ungeniambia tu!"

"Nilikuambia. Mara kumi na moja. Nimehesabu."

Akafikiri. Nimpe haki yake, alifikiri kweli. "Labda ungeniambia kwa sauti ya mtu nisiyemjua."

Hakuna aliyecheka. Akakaa kwenye ngazi, nami nikakaa ngazi moja juu yake. Chini mtaani muuza magazeti alikuwa anakunja meza yake.

"Na sasa?" akasema, sauti imeshuka. "Mashindano yamebaki wiki saba. Bila kidonge nitaweza?"

"Nimefungiwa," nikamwambia. "Siruhusiwi kukushauri."

"Dada!"

"Umesikia mwenyewe. Kwa namna yoyote, wamesema."

Kocha alitoka wakati huo, anajifuta jasho, uso umekunjuka. Alituona, akajifanya kwamba hajamwona mmoja wetu.

"Sindano, mwanangu, hongera. Mungu si wa mchezo. Sasa dawa imekwisha, siyo? Basi Jumatatu tunarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani. Mizani saa kumi na mbili asubuhi. Tumbo jepesi, kichwa chepesi."

Sindano alikuwa amegeuza shingo ananitazama, na macho yake yaliniuliza waziwazi kama mtoto anayeuliza jibu la hesabu. Mimi, raia mtiifu, nilitazama dari. Palikuwa na utando wa buibui nikausoma wote. Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya chuma.

Akasimama. Akapangusa suruali.

"Kocha," akasema, "mimi nina njaa."

"Sasa hivi? Saa tisa hii?" Kocha akatazama saa yake kana kwamba ndiyo ilimsaliti. "Haya, haya, leo siku ya furaha. Kula. Lakini sahani ngapi?"

"Mpaka nishibe," mdogo wangu akasema, akatutangulia kushuka.